Sakafu Nyekundu ya Viktoria

Jumatatu, 4 Septemba

Mama mkwe amefika leo kutoka Koboko na mzigo wa kuni, utadhani Arua hatuna kuni. Hizi si za kupikia. Ni za dukhan, ule moshi ambao mwanamke wa Kinubi hukalia akishazaa, amejifunika blanketi mpaka shingoni, ili mwili urudi mahali pake na mifupa isishike baridi. Mama amezichagua mwenyewe, amezikausha juu ya jiko lake, na ndani ya basi hakuruhusu mtu aweke mguu juu yake. Jina lake Medina. Namwita Mama, na mbele yake nasema polepole.

Binti yangu Sumayah ana siku chache duniani. Baba yake, Shafik, yuko ng'ambo ya Vurra, lori lao limekwama kwenye matope upande wa Congo. Akipata mtandao anapiga, anauliza mtoto anafanana na nani, halafu unakatika kabla sijajibu. Afadhali.

Nikitoka arobaini nahama. Nimepata chumba Koboko, karibu na soko, kina baraza ya kuweka cherehani yangu. Mwenye chumba ananishikia hadi mwisho wa Oktoba na anataka dipoziti. Dipoziti yangu anayo Viktoria, mwenye nyumba hii, tangu siku niliyoingia. Nikirudishiwa, naenda chumbani kwangu. Nisiporudishiwa, naenda kuishi kwa Mama, chumba cha nyuma, kile kinachopakana na banda la mbuzi, na kila asubuhi nitaambiwa namna ya kushika ufagio. Msimu huu wote sina hesabu nyingine.

Jumatano, 6 Septemba

Mvua. Nepi hazikauki.

Ijumaa, 8 Septemba

Dukhan ya kwanza. Mama amezunguka chumba kizima akitafuta mahali pa shimo. Kwake sakafu ni ya udongo na shimo la moshi liko pembeni tangu zamani za mama yake, anaondoa kifuniko tu. Hapa ni simenti nyekundu, imesuguliwa mpaka unaona kivuli chako. Viktoria alimsimamia fundi tangu asubuhi siku ilipomwagwa, na anaipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Nje haiwezekani, mvua inaingia barazani. Basi Mama akaweka sigiri, lile jiko la makaa, chini ya kigoda chenye tundu, nikakaa, nikafunikwa, nikatoka jasho kama mkimbiaji.

Viktoria alivuka ua akasimama mlangoni, mkono puani. Baadaye mkono ukashuka. Yeye ni Mlugbara, Mkatoliki, nesi mstaafu, anakaa nyumba kubwa ya mbele na vyumba vyetu vya kupanga viko nyuma, chini ya kilima cha Arua. Akasema harufu ni nzuri, ila tuangalie sakafu. Siku nilipojifungua alileta kuku. Naandika na hilo, haki yake.

Jumapili, 10 Septemba

Mama analalamika sigiri ni ndefu, joto linaishia magotini. Nimemwambia magoti nayo yalizaa.

Alhamisi, 14 Septemba

Mvua ilianza saa saba mchana. Mama alikuwa amechoka na sigiri. Alitoa chungu kilichovunjika mdomo, akakiweka moja kwa moja juu ya simenti, akamimina makaa, akapanga kuni zake juu. Nikamwambia aweke mchanga chini. Akasema mchanga unakula joto.

"Moto iko kidogo tu, binti yangu. Kaa."

Nikakaa. Ulikuwa moshi mzuri, sitasema uongo, ulipanda mpaka kwenye mabega. Nilikuwa karibu kusinzia wakati sakafu ilipopasuka. Ndiyo, sakafu. Ilipiga mlio kama chupa ya soda iliyoangushwa, kipande cha simenti kikaruka, chungu kikapinduka, makaa yakatawanyika chumbani hadi karibu na kitanda alipolala mtoto. Mimi niliruka na blanketi langu, nikamnyakua Sumayah. Mama hakutafuta koleo. Aliokota makaa kwa mkono, moja moja, akiyarudisha chunguni, mpaka la mwisho.

Tulipofagia tukaona. Pale palipokuwa na chungu pamebanduka, upana wa sinia la wali, kijivu katikati ya wekundu wote ule.

Mama akaninyooshea kidole, nacho kimeshaanza kutoa malengelenge. Akasema nimwite Viktoria sasa hivi, wakati bado pana joto, aone mwenyewe kwamba ni ajali. Nikasema kesho. Akasema ajali husemwa siku ile ile. Nikasema kesho, Mama, mvua inanyesha. Kisha nikauvuta mkeka nikaulaza pale juu. Niliuvuta mimi.

Ijumaa, 15 Septemba

Mvua haikunyesha. Sikusema.

Jumanne, 19 Septemba

Vidole vya Mama vimetunga usaha kidogo. Ananyonyoa kuku kwa mkono wa kushoto na hataki msaada. Kila akimaliza swala ananitazama, kisha anautazama mkeka. Leo ameuliza waziwazi kama bado nangoja mvua.

Ni rahisi kwake. Hamjui Viktoria. Kabla yangu chumba hiki alikaa kijana mmoja wa benki, mpira wa watoto ukavunja kioo chake cha dirisha, Viktoria akabaki na dipoziti yote kwa maelezo kwamba alitakiwa kufunga dirisha. Yule mama ana mkono wa birika. Akiuona huu upara wa sakafu nimekwisha. Chumba cha nyuma, mbuzi, ufagio.

Jumatano, 27 Septemba

Shafik amepata mtandao. Nikamweleza. Akacheka. "Mutu gani ataangalia chini ya mukeka?" Lori bado limekwama.

Jumatatu, 2 Oktoba

Mama ameacha kuuliza. Akienda kuswali anauzunguka ule mkeka, anatandika kimsala chake upande wa mlango, penye baridi. Nimemwambia anaweza kuswali juu yake. Akasema hapana, hapa panatosha. Sijui anamwonyesha nani.

Lakini niandike pia kwamba tangu aje sijainuka usiku hata mara moja isipokuwa kunyonyesha. Mtoto akilia, naye ameshakaa. Nguo anazifua mkono mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita vya ufagio na ufagio ameushika yeye.

Jumatatu, 9 Oktoba

Arobaini imetimia. Nimeoga, nimepakwa mafuta, nimetoka nje na mtoto, majirani wamekunywa chai. Viktoria alikuja na sabuni ya mtoto. Nikamwambia mwisho wa mwezi nahama. Akasema vizuri, Mungu akubariki, Jumamosi atapita kukagua chumba.

Jumamosi, 14 Oktoba

Alipita. Alianza na dirisha, akafungua, akafunga. Akagusa ukuta. Akasifu usafi. Nilifikiri imepita. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kusifu, tutoe mikeka tupate kuona sakafu.

Nilitoa ule wa upande wa mlango kwanza, kama mjinga. Wa pili aliuondoa yeye.

Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya kijivu kile. Nilimweleza yote: moshi, chungu, mlio. Nikasema ni ajali. Akaniuliza ajali ya lini. Nikamtajia. Akasimama, magoti yakamlia.

"Sharifah, mwezi mzima nakusalimia asubuhi na jioni. Ajali mutu anasema. Hii mumeifunika."

Kisha akatoa hukumu yake. Sakafu yote itabomolewa, imwagwe upya, maana wekundu mpya hauwezi kufanana na wa zamani, na dipoziti yangu ndiyo itakayofanya kazi hiyo. Nikasema palipoharibika ni sinia moja, atie kiraka. Akaniuliza, wewe fundi wa nguo, mteja akikuletea gauni la arusi limetoboka kifuani, utamtilia kiraka? Nisingemtilia. Ila nisingemnunulia gauni jipya kwa sababu kwapa moja limefumuka, na jibu hilo lilinijia alipokwisha vuka ua.

Mama alikuwa barazani na mtoto. Amesikia yote. Hakusema nilikuambia. Ningefurahi angesema.

Jumapili, 15 Oktoba

Viktoria ameenda misa akapita mbele ya mlango wetu bila salamu. Mvua ndogo.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimeenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Loro. Anauza misumari na mabati, na kesi anazisikiliza barazani kwake Jumamosi baada ya kufunga duka. Amesema tuje sote, na fundi aje.

Jioni Mama amenikalisha. Akasema kwa mwenyekiti niseme ni yeye aliyewasha moto. Ni kweli, na mimi nilimwambia habari ya mchanga akakataa, nalo niseme. "Mimi mzee. Watanifanya nini?" Alisema huku anamkunja mtoto ndani ya kanga, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Nilimpenda wakati ule. Sikumwambia.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mwenye chumba wa Koboko amepiga simu. Kuna mwalimu amekuja kukiona chumba mara mbili na ana pesa mkononi. Nimemwambia Jumatatu nitakuwa na jibu. Amesema Jumatatu ni Jumatatu. Roho iko juu.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mvua ilitukuta barazani kwa Loro, ikabidi sote tusogee ukutani katikati ya mabati. Tulikuwa Loro, Viktoria na nguo yake ya kanisani, fundi Mogga, Mama na mtoto, mimi, na majirani waliosema wamekuja kununua misumari.

Mogga alisema kwanza. Amekiona kidonda. Anaweza kukata pale kwa mraba, kumwaga upya na kutia rangi nyekundu. Rangi haitakuwa pacha, itakuwa ndugu wa baba mmoja. Viktoria akasema yeye hakuomba ndugu. Watu wakacheka kidogo, naye akacheka kidogo, nikaanza kupumua.

Loro akauliza nani aliwasha moto. Mama akasimama na mtoto begani. Akasema ni yeye. Akasema binti alimwambia aweke mchanga, yeye akakataa kwa ujuzi wake wa nyumbani, na kosa ni la ujuzi wake. Alisema kwa Kiswahili chake kifupi, bila kulia wala kuomba. Loro akamwomba aonyeshe mkono, akauonyesha. Ngozi ya vidole ni mpya, ya rangi nyingine.

Hapo Viktoria alibadilika. Akasema yeye ni nesi, ameshika wazazi maisha yake yote, anajua mzazi na baridi. Kama ni moto peke yake angesamehe, angekula kiraka chake akanyamaza. Kinachomuuma ni mkeka. Mwezi mzima ameingia chumba kile, amembeba mtoto, amekaa juu ya mkeka ule ule akanywa chai, na watu wanamtazama wakijua amekalia nini. Sikuwa nimelifikiria hilo, kwamba alikalia pale.

Loro ni mtu wa kupima, ndiyo kazi yake. Akasema basi neno ni moja. Mpangaji akiharibu kwa bahati mbaya, analipia palipoharibika, kinachobaki kinarudi. Akiharibu akaficha, hiyo si bahati mbaya tena, mwenye nyumba abaki na dipoziti yake yote. Na mgeni akificha bila mpangaji kujua vizuri, mpangaji asibebeshwe. Kisha akanigeukia mimi, si Viktoria wala Mama.

"Nani alifunika?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati, mtu angeweza kusema hakusikia. Niliwaza Jumatatu. Niliwaza mwalimu na pesa yake mkononi, na mbuzi. Niliwaza pia kwamba Mama alishasema mwenyewe, watanifanya nini. Nikasema:

"Mama. Mimi nilikuwa bado mgonjwa."

Mama alinitazama. Si kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa amemshika ushungi, akamtoa vidole taratibu, kimoja kimoja. Loro akamuuliza kama ni kweli.

"Ni mimi," akasema.

Viktoria akatikisa kichwa. Akasema mtu mzima hivi, na tasbihi mkononi. Mmoja wa wanunuzi wa misumari akaguna. Mama alikaa chini, akaitia tasbihi mfukoni. Tangu nimjue sijamwona akiitia mfukoni mbele ya watu.

Loro akaamua kiraka. Mogga apatane na Viktoria bei, ikatwe kwenye dipoziti, kinachobaki nirudishiwe wiki ijayo. Watu walinipa mkono. Nilishinda.

Jumapili, 22 Oktoba

Mama ameondoka na basi la kwanza. Kabla ya kuondoka alimwogesha mtoto, akamkanda miguu, akanionyesha namna ya kumkanda. Kuni zilizobaki amezifunga vizuri, ameniachia. Mimi niliamka nimejipanga kwa maneno makali, nilikuwa hata na majibu. Hakuna aliyeyauliza.

Akasema tu, "Tutaonana Koboko, binti."

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimempigia mwenye chumba. Ni changu.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mogga amemaliza. Mraba wake ni mwekundu zaidi kuliko sakafu, unaonekana tangu mlangoni. Viktoria aliutazama, akapumua, akanihesabia pesa mkononi bila ugomvi. Ile birika nimeisingizia. Amekata bei ya fundi tu, hata mchanga hakuutia.

Kisha akanishika bega akanipa ushauri wa mama. Akasema huko Koboko niwe macho na mama mkwe, mtu anayeweza kuficha jambo mwezi mzima ndani ya chumba cha mwenzake si wa kuachiwa funguo. Alisema kwa kunionea huruma.

Nilisema ndiyo, Mama Viktoria. Hiyo ni mara ya pili, na mara hii hakuna aliyenibana.

Jumatano, 1 Novemba

Koboko. Chumba ni kizuri. Sakafu simenti ya kawaida, kijivu. Cherehani iko barazani na leo nimepata suruali mbili za kupunguza. Kwa Mama ni mwendo wa kutafuna muwa mmoja.

Jumapili, 5 Novemba

Shafik amerudi, mweusi kwa jua na mwembamba. Amemwona mwanawe kwa mara ya kwanza, akalia, akasingizia vumbi wakati matope yamefika magotini. Amefurahia chumba. Ameuliza mbona mama yake hajafika kukiona. Nikasema mvua.

Jumanne, 7 Novemba

Nimeenda mwenyewe na mtoto. Mama alifurahi, alimchukua mtoto kabla sijavua viatu. Kisha akatoa chai. Alifungua kabati akashusha vikombe vyenye maua ya dhahabu, vile vya wageni, akavipangusa, akanimiminia. Miaka yote ya ndoa yangu nimenywea kikombe cha bati cha bluu pale jikoni, nikiwa nimekalia ndoo, tukiwasema watu. Leo nilikaa sebuleni.

Nilianza. Nilisema, Mama, ile siku kwa mwenyekiti. Akasema chai itapoa. Nikainywa. Chai yenyewe sikujua ina sukari au haina.

Ijumaa, 10 Novemba

Mvua zimepungua. Nimeshona sare za watoto wa shule.

Jumamosi, 11 Novemba

Mama amekuja leo baada ya adhuhuri kukiona chumba. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi na mimi nipo pale pale kwenye cherehani. Nikasema ingia, Mama, ni kwako. Alivua kandambili akaziacha nje kabisa, chini ya ngazi. Alileta mihogo na unga wa uji wa mtoto. Akaniuliza auweke wapi. Nikasema popote. Akangoja mpaka nilipomwonyesha mahali.

Hakukaa kitandani wala kwenye kiti. Alikaa chini, pembeni, juu ya simenti tupu. Nikaleta mkeka, akasema usijisumbue. Alimpakata mtoto, akamwimbia kwa Kinubi, akauliza habari za wateja, akanisifia pazia. Nilipika chai nikampa kwenye kikombe changu mwenyewe. Akasema asante, kwa adabu. Nilitaka anitukane. Ningempa hata ufagio anichape nao.

Nikasema, "Mama, mkeka ule niliuvuta mimi."

"Najua, binti. Nilikuwa pale."

Akamaliza chai, akamrudisha mtoto mikononi mwangu, akainuka kwa kushika ukuta. Akachukua ufagio nyuma ya mlango, akafagia pale alipokuwa amekaa, ingawa hakuacha hata punje. Kisha akasogea pembeni, akaniita.

"Kuja uangalie, kabla sijaenda. Pahali nilikaa iko mzima?"

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania. Alisimama na ufagio mkononi, akingoja, kama mpangaji anayehama. Nami, sijui kwa nini, niliinama na mtoto mikononi, nikaangalia.

Nikasema, "Iko mzima, Mama."

Akasema haya. Akaurudisha ufagio nyuma ya mlango, akashuka ngazi, akavaa kandambili zake.